Bluzi siyo nyimbo za kubembeleza tu: mwongozo wa kuendesha kipindi cha bluzi redioni, kutoka Binza



Juzi kafe kuna jamaa kanigeukia kutoka kompyuta ya jirani. "Wewe si ndiyo yule dogo wa kipindi cha bluzi Jumamosi? Sasa mbona hupigi bluzi?" Hilo swali nimeshaulizwa kwa simu, kwa meseji, sokoni na hata msibani. Nimeona nilipe deni kwa kuandika kila kitu sehemu moja: bluzi ni nini, imetoka wapi, na ukipewa saa moja redioni kila wiki uiendesheje. Najua wapo vijana wengi wanaojitolea kwenye redio za wilayani, huenda ikawasaidia. Mimi nimemaliza kidato cha nne, siyo mtaalamu wa muziki, ila hicho kipindi naingia mwaka wa pili sasa na makosa nimeyafanya ya kutosha. Jina la redio naliweka kando, huko mbele mtaelewa kwa nini.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU JINA

Hapa kwetu ukisema bluzi (siyo blauzi, ile inavaliwa) mtu anafikiria wimbo wa taratibu wa mapenzi. Disko la shule, taa zimezimwa nusu, mwalimu wa zamu anakohoa mlangoni, DJ anaweka Celine Dion au Boyz II Men, wavulana wote wamegandana na ukuta. Hiyo ndiyo "kucheza bluzi". Kwa wazazi wetu ni Jim Reeves na Don Williams, ambao kwao Marekani wanahesabiwa kwenye muziki wa kantri.

Sisemi ni kosa. Neno likishahamia kwetu linaishi kwa sheria zetu. Angalia bendi za zamani: Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Ukitafuta humo jazi ya akina Louis Armstrong utatafuta sana. Lilikuwa dansi letu, lenye rumba ya Kuba na Kongo ndani yake, na jina la jazi likakaa bila kumdhuru mtu.

Ila ukishika maikrofoni ukatangaza kipindi cha bluzi, lazima umwambie msikilizaji mapema unazungumzia ipi. Mimi sikumwambia. Jumamosi ya kwanza, saa tatu usiku, nikafungua na Robert Johnson. Huyu ni mpiga gitaa wa Mississippi aliyerekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937 kule Texas, akafariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Akina Eric Clapton wanamheshimu kama mwalimu wao. Tatizo ni kwamba zile rekodi zinakwaruza kama redio yenye betri inayokata roho. Meseji zikaanza kuingia: "Rekebisheni masafa." "Huyo babu analilia nini?" "Tuwekee Westlife, dogo, acha masihara." Hakuna hata mmoja aliyetuma salamu, na mnajua kipindi kisicho na salamu kwetu ni kipindi kilichokufa.

Wiki ya nne meneja akaniita. Akasema ananipa mwezi mmoja, ama niweke bluzi za watu ama muda wangu apewe mwingine.

HABARI YENYEWE NI PAMBA

Kilichoniokoa ni kusoma. Nilikuja kafe siku tatu mfululizo nikatafuta hii bluzi ilizaliwa wapi, na jibu likanikuta hapa hapa nilipo.

Bluzi ilizaliwa kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, hasa eneo la Mississippi linaloitwa Delta, miaka ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Utumwa ulifutwa kule mwaka 1865, lakini ardhi ilibaki kwa wale wale. Mtu mweusi akawa analima kwa mgawanyo: mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu, nyumbu na chakula cha mkopo kutoka kwenye duka lake mwenyewe. Mavuno yakifika anachukua fungu lake, kisha anakata mkopo. Daftari anashika yeye na kalamu anashika yeye. Mkulima mwaka mzima yuko shambani, siku ya hesabu anaambiwa bado anadaiwa. Zao lenyewe ni pamba.

Sasa wewe wa Binza, Maswa yote, Bariadi, Meatu, Itilima, sema ukweli, hiyo hadithi ni ngeni? Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inatoka mkoa wetu wa Simiyu, ambao kabla ya 2012 tulikuwa ndani ya Shinyanga. Na wazee wetu wa Usukuma waliwahi kulia kilio cha mizani. Miaka ya 1950 akina Paul Bomani walipowaunganisha wakulima kwenye ushirika, moja ya mambo yaliyowasukuma ni malalamiko ya kupunjwa na wanunuzi wakati wa kupima pamba. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, likaja kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika. Kule Mississippi mtu mweusi hakuwa na nafasi ya kusimamia mizani. Wengi waliochoka walipanda treni kwenda kaskazini, na walipokwenda bluzi ilikwenda nao.

Mfano ni Muddy Waters. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la pamba la Stovall, Mississippi. Mwaka 1941 mtafiti Alan Lomax alifika pale na mashine ya kurekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, akamrekodi. Muddy alipojisikia mwenyewe kwenye sahani akajua anaweza. Mwaka 1943 akahamia Chicago, kule mjini kelele nyingi, akaweka gitaa la umeme, na bluzi ya Chicago ikapata mfalme wake. Mwaka 1944, karibu na mji wa Clarksdale, ikaonyeshwa mashine ya kuvuna pamba inayofanya kazi ya watu wengi kwa mara moja. Kutoka hapo mikono ya watu haikuhitajika tena kama zamani, na treni za kwenda kaskazini zikaendelea kujaa.

Jumamosi iliyofuata sikufungua na wimbo. Nilisema kwa dakika tano hivi hivi kama nilivyoandika hapa, nikachomeka Kisukuma kidogo, ndipo nikampiga Muddy Waters wa Stovall, yule wa gitaa lisilo na umeme. Simu ya kwanza ikatoka kwa mzee mmoja, hakujitaja jina. Aliuliza swali moja: "Ng'wanawane, huyo mtu analima?" Nikamwambia alikuwa analima. Akasema, "Nimemsikia." Akakata.

Usiku ule salamu zilikuja 14. Meneja hakuniita tena kwa mwezi huo.

WIMBO UMEJENGWAJE

Mtangazaji huhitaji kujua kupiga gitaa, lakini ujue kumwonyesha msikilizaji asikilize nini. Bluzi iliyozoeleka inakwenda kwa duara la vipande 12, kila kipande mapigo manne, na gitaa linazunguka kwenye kodi tatu tu. Ukishaizoea unaitabiri, na raha iko hapo. Maneno yanakwenda mistari mitatu: unasema jambo, unalirudia, halafu unalijibu. Kwenye kipindi niliwatungia mfano wangu mwenyewe wa kitoto:

Pamba nimeuza, lakini hela sijaiona.
Nasema pamba nimeuza, jamani hela sijaiona.
Mama watoto kauliza, nikajifanya nafunga viatu.

Watu walicheka, na wakaanza kutuma ya kwao. Yapo mazuri kuliko yangu, mengine hayasomeki hewani.

Ule mstari unaorudiwa una kazi yake. Unampa mwimbaji muda wa kufikiria jibu, na msikilizaji anangoja. Halafu baada ya kila mstari sauti inanyamaza na gitaa au kinanda cha mdomo kinajibu. Kuitikizana huko ni kwa mashambani, mmoja anaanzisha na wenzake wanapokea ili kazi iende pamoja. Sisi tunamwita ningi yule anayetunga na kuanzisha, na vikundi vya Wagika na Wagalu vimeshindana kwa nyimbo vizazi na vizazi. Bugobogobo ni ngoma na majembe kwa pamoja. Kuna profesa Mmarekani, Frank Gunderson, amezikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwenye kitabu kikubwa kilichotoka 2010. Inauma kidogo kwamba kutafuta nyimbo za bibi yangu naanzia kwa Mmarekani, lakini angalau zipo.

Kitu kingine ni zile sauti za gitaa zinazopinda, ambazo siyo za juu wala za chini, zinalia katikati. Wapigaji wengine wanatelezesha chupa au kisu juu ya nyuzi. W.C. Handy, mwanamuziki aliyesomea noti, alisimulia kwamba karibu mwaka 1903 akiwa kwenye stesheni ya treni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akipiga gitaa kwa kisu namna hiyo. Mwaka 1912 Handy akachapisha Memphis Blues, na jina la bluzi likaanza kwenda mbali. Rekodi iliyofungua soko ilifanywa studio Agosti 1920, Mamie Smith, Crazy Blues. Ilinunuliwa sana, kampuni za sahani ndipo zikagundua kwamba watu weusi nao wananunua muziki.

Tahadhari: usidanganye hewani. Wapo watakaokushangilia ukisema bluzi ilitoka Usukuma. Haikutoka huku. Watumwa wengi waliopelekwa Marekani walichukuliwa Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, ndiyo maana ukimsikiliza Ali Farka Touré wa Mali unaona undugu wa karibu kabisa. Albamu yake na Ry Cooder, Talking Timbuktu ya 1994, ni nzuri sana kwa kipindi, nimeipiga mpaka fundi mitambo anaijua. Sisi tunafanana na Mississippi kwa jembe na mizani, hayo yanatosha.

WATANGAZAJI WALIOTANGULIA

Kuna kipindi cha bluzi kinaitwa King Biscuit Time, kituo cha KFFA, mji wa Helena, jimbo la Arkansas. Kilianza Novemba 1941. Mdhamini alikuwa muuza unga! Sonny Boy Williamson na gitaa la Robert Lockwood walipiga moja kwa moja studio, katikati wanatangaza unga. Muda wake ni saa sita na robo mchana, kwa sababu ndipo watu wa mashambani wako kwenye mapumziko ya chakula. Mtangazaji Sonny Payne alikishika mwaka 1951 na akaendelea nacho hadi alipofariki mwaka 2018, vipindi zaidi ya 17,000. Mimi nina vipindi sabini na ushee, na nimeshachoka mara mbili.

B.B. King naye alianzia redioni. Alizaliwa 1925 Mississippi, akachuma pamba, akaendesha trekta. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaenda Memphis kwenye kituo cha WDIA, kituo cha kwanza Marekani kupanga vipindi vyake vyote kwa ajili ya watu weusi, akapewa dakika kumi za kuimba na kutangaza dawa ya kuongeza nguvu. Redioni walimwita Blues Boy, ndiyo hizo B.B. mbili. Septemba 1974 alipiga Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, wakati wa maandalizi ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Hiyo habari ukiisema hewani wazee wote wa ngumi wanapiga simu, jiandae.

Nilichojifunza kwa hao ni muda na mdhamini. Muda wangu wa saa tatu usiku Jumamosi ulikuwa mbovu, vijana wako kwenye mpira au wametoka. Msimu wa kununua pamba ulipofika niliomba nirudie kipindi Jumapili mchana, na hapo ndipo wakulima walipotupata hasa. Mdhamini nimempata mmoja, anakoboa na kusaga. Nilimsimulia habari ya unga wa Helena akacheka, akatoa.

SAA MOJA INAKWENDAJE

Rekodi za zamani ni fupi, kama dakika tatu, kwa sababu upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba hivyo. Saa moja inaingia nyimbo tisa au kumi ukibakiza nafasi ya maneno, matangazo na simu. Usiweke rekodi mbili zinazokwaruza mfululizo. Mimi naweka moja ya kale, kisha moja ya Chicago yenye umeme, kisha ya Afrika. Sauti za kale ziko chini, uzipandishe kabla ya kipindi, siyo ukiwa hewani ndipo unahangaika na mikisa. Na dakika kumi na tano za mwisho nimewaachia wa Celine Dion. Ndiyo, nimekubali yaishe. Kipindi ni cha wasikilizaji, na wengi wao wanangoja hapo huku wamesikiliza mengine yote.

Umeme ukikatika jenereta linachukua kama dakika mbili kuwaka. Uwe na la kusema ukirudi.

Tafsiri kila wimbo kabla. Narudia, kila wimbo. Bluzi imejaa mafumbo kuliko taarabu ya mipasho. Mimi kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilipiga wimbo wa jogoo, nikaeleza kwa kirefu kwamba huyu ni mfugaji anayemtafuta jogoo wake mwekundu aliyepotea. Mwalimu mmoja akanitumia meseji: "Dogo, huyo jogoo siyo jogoo." Nilitamani sakafu inimeze. Ukiwa na wimbo wa namna hiyo upange usiku wa manane au uuache, maana TCRA wana kanuni za maudhui na muda ambao watoto wanasikiliza.

Kuhusu haki za wanamuziki, redio ndiyo inayopaswa kuwa na kibali cha kutumia kazi za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA ilianzia hapo. Wewe muulize meneja wako kama kibali kipo. Rekodi za Marekani za kabla ya 1923, kama ile ya Mamie Smith, kwao zimekuwa huru tangu Januari 2022, na mtandaoni zinapatikana kihalali. Nyingine nunua, au omba mwenye nazo. Kwa wasanii wa hapa mimi naomba ruhusa kwa mdomo na kuwataja jina vizuri, kwa sababu wengi wao hicho tu ndicho watakachokipata.

Na hapo niseme la kwangu. Kazi hii silipwi. Napewa nauli, siku nyingine sipewi. Halafu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta mambo ya ithibati, na kanuni zake za 2017 zikataka mwandishi wa habari awe na stashahada angalau. Mimi nina cheti cha kidato cha nne. Kwenye ratiba nimeandikwa mchezesha muziki, habari sisomi, lakini kila mwaka unapoisha wanaanza kuulizana ofisini nani ana karatasi gani. Ada ya chuo ni pamba ya nyumbani ya misimu kadhaa, na tuko watoto watano. Kwa hiyo ukisikia Jumamosi moja sauti nyingine, ujue siyo kwamba nimeacha kupenda.

Anayetaka kuanza kusikiliza asianze na Robert Johnson kama nilivyofanya mimi. Anza na B.B. King aliyerekodiwa ukumbini mbele ya watu, Live at the Regal, ilirekodiwa Chicago 1964. Kisha Muddy Waters, kisha John Lee Hooker ambaye anaweza kukaa kwenye kodi moja wimbo mzima usichoke, kisha Bessie Smith. Johnson utamfikia mwenyewe.

Jumamosi hii nafungua na Mamie Smith. Halafu yule mzee wa "huyo mtu analima?" nimempata, anakaa siyo mbali na Binza, na amekubali kuja studio kuimba nyimbo mbili za kulimia za ujana wake. Amesema hawezi kuimba bila jembe. Meneja kauliza kama litaharibu sakafu, nimemwambia tutatandika gunia.